Mwanafunzi Wodini: Kujifunza Uuguzi katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Neno kuuguza ni la zamani kuliko hospitali. Katika lugha yetu mtu huugua, na mwenziwe humwuguza. Mzizi mmoja wazaa hali mbili, ya yule aliyelala na ya yule akeshaye kando yake. Kabla ya kuwako wodi na vitanda vya chuma, nyumba za pwani zilikuwa na wauguzi wao: mama, shangazi, bibi, au jirani aliyejulikana kuwa na mkono mwepesi. Mwanamke aliyejifungua aliwekwa ndani siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto na kulishwa uji na wanawake waliolijua jambo hilo. Mkunga alimfunza binti yake, au mpwa wake, kwa kumchukua pamoja naye usiku alipoitwa. Binti akashika taa, baadaye akashika maji, na baada ya miaka mingi akaachiwa ampokee mtoto. Elimu hiyo haikuandikwa, lakini ilikuwa elimu, maana ilikuwa na mwalimu, mwanagenzi na miiko yake. Na jambo moja lilikuwa wazi katika utaratibu huo: mwanagenzi hakuachwa peke yake na mzazi kabla mwalimu wake hajaridhika naye.

Nia ya insha hii ni kutazama jambo ambalo wanaoandika historia ya mji wa Dar es Salaam hulipita upesi, nalo ni namna mwanafunzi wa uuguzi alivyofunzwa kazi yake kando ya kitanda cha mgonjwa, hasa katika sehemu za pembeni mwa mji kama Kinondoni na Temeke. Maswali yetu ni mawili. La kwanza, je, mwanafunzi alipelekwa wodini ili ajifunze, ama alipelekwa ili azibe pengo la mikono iliyokosekana? La pili, mgonjwa ambaye mwanafunzi alijifunza kwa mwili wake alipata haki gani katika mapatano hayo, ikiwa mapatano yalikuwapo? Mwenye kuandika haya alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kabla ya kuielekea elimu ya historia. Kwa hiyo hawezi kujidai kuwa shahidi asiye na upande. Msomaji na alijue hilo tangu mwanzo.

Mji wenyewe ni mchanga. Sultani Majid bin Said wa Unguja aliuanzisha katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, katika nchi ya Wazaramo na Washomvi. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni yao mwaka wa 1891, wakauhamisha utawala kutoka Bagamoyo. Habari za uuguzi wa kigeni katika pwani hii zaanza wakati huohuo: mwaka wa 1887 alifika Frieda von Bülow, mwandishi wa Kijerumani, kwa shughuli za chama cha wanawake kilichotaka kuleta wauguzi katika koloni. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1897, hospitali kubwa ilifunguliwa ufukoni, ile ambayo tangu mwaka wa 1996 ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Watu wengine walikuwa na hospitali yao upande mwingine wa mji, iliyotokana na mali ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Hivyo kabla ya karne ya ishirini kuanza mji ulikwisha kuwa na njia mbili za kuugua.

Waingereza walipoutwaa mji baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuiondoa tofauti hiyo, waliipa kanuni. Mji uligawanywa katika sehemu tatu, na watu wa kawaida wakazipa majina ya wazi kuliko yale ya kiserikali: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, ukawatenga wenyeji wa Kariakoo na sehemu ya biashara. Nao waliouacha wazi walisema kwamba ni kwa ajili ya afya. Yafaa tulikumbuke neno hilo. Afya ilitumiwa kuwa sababu ya kuwaweka watu mbali, kisha wale waliowekwa mbali wakawa ndio wenye safari ndefu ya kuifikia afya hiyo.

Na katika hospitali za Waafrika, nani aliyemwuguza mgonjwa? Kwa muda mrefu walikuwa wanaume zaidi ya wanawake. Serikali iliwafundisha madresa, na tangu miaka ya 1920 iliwaweka pia katika zahanati ndogo za tawala za wenyeji. Walijifunza kuosha vidonda, kufunga bandeji, kugawa dawa na kuandika hesabu ya waliohudhuria. Wasichana waliopata elimu ya shule walikuwa wachache mno, na wazazi wengi wa pwani hawakukubali binti yao alale nje ya nyumba akihudumia wanaume wasiomhusu. Misheni ndizo zilizotangulia kuwafundisha wasichana uuguzi. Daktari Leader Stirling, aliyefika kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1935 pamoja na misheni ya Kiingereza ya UMCA, alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Baadaye, kuanzia mwaka wa 1975 hadi 1980, akawa Waziri wa Afya wa Tanzania.

Mfano ambao wakufunzi wa Kiingereza walikuja nao ulikuwa wa Florence Nightingale, aliyeanzisha shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka wa 1860. Pwani ingeweza kutaja mfano wa mbali zaidi, maana masimulizi ya Waislamu yamkumbuka Rufaida, mwanamke wa Madina aliyewatibu majeruhi katika hema wakati wa Mtume. Lakini shule ya London ndiyo iliyoleta utaratibu: sare, zamu, cheo juu ya cheo, na mwanafunzi akaaye katika bweni la hospitali. Utaratibu huo ulikuwa na wema mwingi, nao ulikuwa na kasoro moja iliyofichika ndani ya wema wake. Mwanafunzi alijifunza kwa kufanya kazi, na hospitali ikazoea kupata kazi yake kwa bei ndogo. Huko Marekani, ripoti maarufu ya Goldmark ya mwaka wa 1923 ilisema waziwazi kwamba mahitaji ya wodi yalikuwa yakiyameza mafunzo. Uingereza yenyewe haikumwondoa mwanafunzi katika hesabu ya wafanyakazi wa wodi hata karibu na miaka ya 1990. Kwa hiyo jambo tunalolieleza halikuzaliwa Temeke wala Kinondoni. Lilikuja katika sanduku moja na kofia na aproni.

Katika mwanzo wa miaka ya 1950 Tanganyika ilipata sheria ya kuwaandikisha wauguzi na wakunga, na mwaka wa 1956 hospitali mpya ilifunguliwa Upanga, ikapewa jina la Princess Margaret, ndugu yake Malkia wa Uingereza. Hospitali hiyo ilichukua mahali pa ile ya Sewa Haji. Baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili, na jina la yule mfanyabiashara wa zamani limebaki katika jengo mojawapo la wodi zake, ambapo wagonjwa wengi hulitaja kila siku pasipo kujua ni la nani. Uhuru ulipofika mwaka wa 1961 madaktari wenyeji walikuwa 12 tu katika nchi nzima. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka wa 1968, na mwaka wa 2007 Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili cha afya. Lakini nchi yenye madaktari 12 haiuguzwi na madaktari. Iliuguzwa na madresa, wakunga, wauguzi, na wanafunzi wa uuguzi.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukitambaa kuelekea nje. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika Temeke, Magomeni na Kinondoni, na hata leo twasikia Temeke wakitaja kota. Mipango hiyo iliwapa wafanyakazi mahali pa kulala karibu na bandari, karakana na viwanda. Hospitali kubwa ilibaki Upanga. Sensa ya mwaka wa 1957 ilihesabu watu 128,742 katika mji. Ile ya mwaka wa 1967 ikahesabu zaidi ya 272,000. Mwaka wa 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, na mwaka wa 2022 watu 5,383,728. Hakuna hospitali moja iwezayo kupokea wingi wa namna hiyo. Ndipo vituo vya pembeni vilipokuzwa hatua kwa hatua, mpaka mji ukawa na hospitali tatu za wilaya: Amana upande wa Ilala, Mwananyamala upande wa Kinondoni, na Temeke kwa watu wa kusini. Mwaka wa 1990 ulianza mradi wa afya wa mji wa Dar es Salaam kwa msaada wa serikali ya Uswisi, ukatengeneza zahanati na kuzitia nguvu hospitali hizo. Baadaye zote tatu zikapandishwa cheo kuwa hospitali za rufaa za mkoa. Wilaya nazo zikagawanyika: Ubungo ikatoka ubavuni mwa Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke, katika miaka ya 2015 na 2016.

Hospitali hizo zilipokua, vyuo navyo vilikua. Mbali na Muhimbili, kilifunguliwa mwaka wa 1997 Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki huko Mikocheni, na vyuo vingine vya uuguzi vikafuata, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Kila chuo kilihitaji wodi kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, maana uuguzi haujifunzwi ubaoni. Ndivyo ilivyotokea kwamba mtu wa Mbagala au Manzese aliyelazwa kwa homa aliweza kuamshwa alfajiri na vijana watatu wa vyuo vitatu, kila mmoja ana sare yake na kitabu chake cha kutiwa saini. Kitabu hicho ni jambo la kuangaliwa. Kinaorodhesha kazi ambazo mwanafunzi sharti azifanye kabla ya kufuzu: sindano ngapi, vidonda vingapi, wazazi wangapi aliowapokea. Ni kitabu cha haki, kwa kuwa kinazuia mtu asiyejua kupewa leseni. Lakini kina hatari yake. Mwanafunzi aliyebakiwa na saini mbili humtazama mwanamke mwenye uchungu kwa jicho la mtu anayehesabu.

Hapa naomba ruhusa nieleze jambo lililonipata mwenyewe. Hospitali sitaitaja, wala haidhuru kutoitaja, maana kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa mafunzo. Niliondoka nyumbani jioni kwa daladala, sare nimeikunja ndani ya mfuko ili isichafuke, na konda akanisonya kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli kidogo. Ulikuwa wakati wa masika. Wodi ilikuwa ya wanawake. Vitanda vimejaa, na wagonjwa wengine wamelala sakafuni juu ya magodoro, mvua ikigonga bati pasipo kupumzika. Zamu ile tulikuwa wanafunzi wawili na mwuguzi mmoja mwenye leseni kwa wagonjwa zaidi ya arobaini. Yapata saa tisa za usiku mgonjwa mmoja alizidiwa, na mwenzangu akaitwa kumsaidia mwuguzi. Nikabaki na saa ya mkononi, kalamu, na kipimajoto kimoja cha zebaki, nami nilikuwa nimeambiwa kwamba vipimo vya alfajiri sharti viwe tayari kabla daktari hajapita.

Kipimajoto cha zebaki hakiharakishwi. Nilianza vizuri: joto, mapigo, pumzi, kitanda baada ya kitanda. Nilipofika katikati ya wodi adhana ya alfajiri ilikwisha kusikika, na mbele yangu walikuwa wamebaki wagonjwa kumi na tisa. Nikazitazama karatasi zao, nikavisoma vipimo vya jioni, nikaviandika tena huku nikigeuza tarakimu moja moja ili visifanane. Kazi ya saa moja na nusu ikaisha kwa dakika kumi. Wakati ule sikuona kwamba nasema uongo. Niliona kwamba namaliza kazi.

Kulipokucha nilipita kwa bibi mmoja mzee, mwenyeji wa Yombo, aliyekuwa amelazwa kwa homa. Alikuwa macho.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ile karatasi uliyoiandika alfajiri yasemaje juu yangu?”

“Yasema homa imeshuka, bibi.”

“Alhamdulillahi,” akajibu. “Basi karatasi imepona. Mimi bado.”

Hakusema kwa hasira. Alinyosha mkono, akauweka juu ya mkono wangu ili nipate ushahidi wangu mwenyewe, nao ulikuwa ukiwaka. Hakuwa amelala, alikuwa ameniona nikisimama miguuni pake, nikaandika, nikaenda zangu. Nilitia kipimajoto kwapani mwake nikangoja muda wake wote, na muda huo ulikuwa mrefu, kwa kuwa hakuacha kunitazama. Joto lake lilikuwa 39.6. Mimi nilikuwa nimeandika 37.2.

Nilikwenda kwa mwuguzi wa zamu nikamweleza. Nilitazamia kufukuzwa. Yeye, aliyekuwa amesimama kwa miguu yake usiku kucha, aliitwaa karatasi akaisoma, kisha akanirudishia. “Piga mstari mmoja juu ya ulichoandika, kisomeke,” akasema. “Kando yake andika cha kweli, utie saa na jina lako. Usikifute kabisa; atakayekuja baada yako ajue palikosewa wapi. Kisha urudie wote.” Naye akaenda mwenyewe kumwita daktari kwa ajili ya yule bibi, pasipo kungoja wakati wa kupita.

Nikarudia wote kumi na tisa. Na hapa ndipo fundisho lilipo, maana wengi wao vipimo vyao vilikuwa karibu sana na nilivyovibuni. Jambo hilo lilinitisha kuliko lile la bibi. Laiti ningalikosea kwa wote, mtu angaligundua. Lakini uongo wangu ulikuwa wa kuaminika, na kama mgonjwa mmoja asingalikuwa macho ungalibaki katika faili ya hospitali ukiwa ukweli hata leo. Bibi yule alibadilishiwa dawa, akakaa siku chache, akaruhusiwa kwenda kwake. Aliponiaga aliniita mjukuu wake kama kwanza, wala hakulitaja jambo lile tena.

Tangu siku ile sikuweza kuzisoma ripoti za zamani kama nilivyozisoma hapo nyuma. Mwanahistoria wa matibabu huishi kwa tarakimu: mahudhurio kadha wa kadha katika zahanati fulani, homa kadha, vidonda kadha. Nyuma ya kila tarakimu alikuwako mtu aliyeshika kalamu, mara nyingi dresa aliye peke yake na foleni mlangoni, au mwanafunzi mwenye usingizi. Je, aliugusa mkono wa mgonjwa kabla ya kuandika? Hatuna njia ya kumwuliza. Lakini twaweza kuuliza alikuwa na wagonjwa wangapi, na nani aliyemsimamia, na jibu la maswali hayo litatuonyesha ripoti ipi ni ya kuaminiwa zaidi na ipi kidogo. Hili ni jambo ambalo mwanafunzi wa uuguzi aweza kumfundisha mwanafunzi wa historia.

Sasa turudi katika swali letu la kwanza. Baadhi ya watu watasema kwamba kosa lile ni la kijana mvivu, na kwamba adabu ndiyo dawa yake. Wengine watasema ni kosa la hali: mji uliopangwa ili wafanyakazi wake wakae mbali na hospitali, kisha ukaongezeka maradufu na maradufu tena, wodi zikajaa, wauguzi wenye leseni wakawa haba, na mwanafunzi akahesabiwa kuwa mkono kamili kabla hajawa hata nusu ya mkono. Mimi naona kwamba wote wawili wamesema kweli, lakini hakuna haki ya kuitumia kweli moja kuifuta nyingine. Historia hueleza, haisamehi. Hali ile ilinipa wagonjwa arobaini na kipimajoto kimoja. Haikunishika mkono ukaandika 37.2.

Hata hivyo yatupasa tuone tofauti iliyopo baina ya yule binti wa mkunga wa kale na mwanafunzi wa zamu ya usiku. Binti yule naye alifanya kazi halisi. Alishika taa na maji, wala hakuna aliyesema ananyonywa. Lakini mwalimu wake alikuwa chumbani. Taa ilipotikisika aliona, na maji yalipopoa alijua. Mafunzo ya hospitali yalileta elimu kubwa ambayo mkunga hakuwa nayo: elimu ya vijidudu, ya damu, ya dawa, ya kuokoa mama anayevuja damu. Elimu hiyo imeokoa watu wasiohesabika, nasi hatutamani kurudi nyuma. Lakini mahali pengi njia ilipanuka na mwalimu akabaki nyuma. Mkufunzi wa chuo alikaa chuoni kwa kuwa ana madarasa. Mwuguzi wa wodi alikuwa na wagonjwa wake. Na kati ya wawili hao mwanafunzi akabaki mkononi mwa mgonjwa. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba usiku ule mwalimu wangu wa kweli alikuwa mgonjwa, naye alifundisha akiwa na homa ya 39.6.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, vyuo vyote vilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao hadi mwezi wa Juni. Amri hiyo ilikuwa na busara yake. Lakini nayo ilidhihirisha jambo lililofichika muda mrefu: siku ya hatari mwanafunzi aliitwa mwanafunzi, apelekwe mahali pa salama; siku za kawaida aliitwa kwa jina hilohilo, naye akapewa kazi ya mtu mzima. Jina moja haliwezi kubeba maana mbili zinazopingana. Ikiwa yeye ni mfanyakazi, na alipwe na kulindwa kama mfanyakazi. Ikiwa ni mwanafunzi, na asihesabiwe katika idadi ya zamu. Sheria ya uuguzi na ukunga ya mwaka wa 2010 yaeleza nani apewe leseni na baraza gani limsimamie mwenye leseni. Huyu asiye nayo bado ndiye anayehitaji kusimamiwa kuliko wote.

Na swali la pili, la haki ya mgonjwa? Jambo la kwanza ni dogo wala halina gharama: aambiwe. Watu wa Temeke na Kinondoni si wagumu wa kumsaidia mtoto wa mwenzao kujifunza. Nimeona mama mwenye uchungu akimtia moyo mwanafunzi aliyekuwa akitetemeka, na mzee akigeuza mkono wake mwenyewe ili kijana auone mshipa vizuri. Walilotaka ni kuombwa, kwa salamu na kwa jina, na kujua kwamba yuko mtu mzima nyuma ya kijana huyo. Aliyeombwa hutoa, asiyeombwa huwa amenyang'anywa, hata kama ni kitu kilekile. Na katika mji ambao sehemu zake za mbali ziliwekwa mbali kwa makusudi, kumwomba mgonjwa ruhusa ni kulipa sehemu ndogo ya deni la zamani.

Yafaa pia tuseme lililo jema, ili mizani isiinamie upande mmoja. Pamoja na kasoro zake zote, mara nyingi mwanafunzi ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuketi. Daktari alipita na mwuguzi alikimbia. Mwanafunzi ndiye aliyemshika mkono mwanamke aliyejifungua mara ya kwanza, akamletea maji mgonjwa asiye na ndugu, akamwandikia namba ya simu mzee asiyejua kusoma. Hayo hayana mahali katika kitabu cha saini. Nayo ndiyo kuuguza kwenyewe, kwa maana ile ya kale ya neno hili: kukesha kando ya anayeugua.

Historia hii haijaandikwa. Wako wanawake na wanaume wastaafu katika mitaa ya Temeke, Keko, Magomeni na Kinondoni waliofunzwa katika wodi za Muhimbili miaka ya 1960 na 1970, na wako wagonjwa waliofunziwa. Wanafunzi wa historia na wa lugha wangefanya jambo la maana wakienda kwao na daftari, wakawauliza nani alikuwa chumbani siku waliposhika sindano mara ya kwanza, kisha wakaandika majibu kama yalivyosemwa. Na palipo na kosa, wasilifute. Wapige mstari mmoja juu yake, lisomeke, kisha waandike la kweli kando yake na kutia majina yao.